Nani Ataondoa Kifo cha Felisiani?

Jumamosi tarehe 9 Januari 1937, Felisiani, mkulima wa kijiji cha Pito, alikufa kwa homa ya mapafu, akamwacha mkewe Kalista na shamba ambalo nyasi zake zilikuwa bado hazijafukiwa.

Ufipa shamba huandaliwa kabla mvua hazijakatika. Nyasi hung'olewa kwa jembe, zikalazwa, zikafunikwa udongo mpaka konde zima liwe matuta ya mviringo. Zikioza humo, ulezi wa msimu unaofuata unapata nguvu. Kazi hiyo haiwezwi na mtu mmoja. Mwenye shamba hupika pombe, majirani huja na majembe, wakalima, wakanywa, wakaenda zao. Asiyewahi kufukia, mwaka unaofuata anaomba chakula.

Mwishoni mwa Februari Kalista alipika pombe. Hakuja mtu.

Sababu aliijua. Katika ukoo wa mumewe, kifo cha mume humkalia mjane mwilini mpaka kiondolewe, na njia ni moja: ndugu wa marehemu alale naye usiku mmoja. Kabla ya hapo, anayekunywa katika kibuyu cha mjane amekunywa kifo. Ndugu aliyekuwapo ni Zenon, mtu mwenye mke na kikohozi, ambaye hakuwa na hamu na jambo hilo kumzidi Kalista. Aliyelishikilia ni dada yao mkubwa, Silvana.

"Usiku mmoja tu, wifi," Silvana alisema akiwa nje ya mlango. "Hata mkilala mnakoroma wote wawili, asubuhi kimekwisha."

"Nimebatizwa, wifi. Mwalimu anasema ni dhambi."

"Mwalimu atakuja kukulimia?"

Kalista alirudi ndani kuifunika pombe. Tangu mazishi alikuwa akiamka amechoka kama aliyelima usiku kucha, na maneno yalimtoka machache.

Mwalimu wa dini, Eustace, alikuja kesho yake kumsifu kwa msimamo wake. Aliketi mkekani, akaeleza tena kile alichokuwa akifundisha kila Kwaresima: Mwokozi alikufa kwa ajili ya watu, akabeba kifo chao, na damu yake ikawaosha. Kalista alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, waliomshusha msalabani walimshika kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Na mama yake?"

"Naye."

"Nani aliwaondolea kifo?"

Eustace alifikiri. "Hakuna. Kifo kile hakikumwachia mtu uchafu. Chenyewe ndicho kilichoondoa vingine."

"Na cha Felisiani?"

"Na cha Felisiani."

Kalista akachota pombe, akamsogezea kibuyu. Eustace alikitazama.

"Ni Kwaresima, mama."

"Juzi kwenye pombe ya Hilaria hukukumbuka Kwaresima."

Mwalimu alisema tumbo lake halikuwa sawa, akaaga. Pombe ilichacha. Kalista aliwamwagia nguruwe wa jirani, ambao peke yao hawakuuliza kitu, akaanza matuta mwenyewe. Kwa juma zima alimaliza kipande ambacho watu kumi wangekimaliza kabla ya jua kuwa kali. Ulezi wa kupikia pombe nyingine hakuwa nao.

Ijumaa Kuu, tarehe 26 Machi, alikwenda misheni. Alikusudia kuubusu msalaba, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, akiwa wa mwisho, asimsumbue mtu. Lakini Padre, mzungu aliyehamia hapo mwezi ule, aliiona kaniki yake ya matanga, akamhurumia, akamwita atangulie mbele ya wanawake wote. Kalista alipiga magoti, akaibusu miguu ya yule aliyesulubiwa. Ubao ulikuwa baridi. Eustace akapangusa pale kwa kitambaa cheupe.

Aliyefuata ni Silvana. Hakusogea. Nyuma yake mstari wote ulisimama, na kila mwanamke alijua kwa nini isipokuwa Padre.

"Pangusa," Silvana alimnong'oneza Eustace.

Akapangusa.

"Tena."

Akapangusa tena, kwa nguvu.

"Mwalimu," Silvana alisema, sasa wa karibu wote wakimsikia, "wewe ndiye unayetufundisha kwamba hapo hapana kitu. Mbona unasugua kama chungu cha ugali ulioungua?"

Mkono wa Eustace ulisimama. Padre alidhani kikongwe anashindwa kupiga magoti, akampa mkono wake. Silvana alitazama mkono ule, akamtazama Kalista, kisha akajishusha polepole, magoti yakilia, akabusu palepale. Waliomfuata walibusu kila mmoja kwa akili yake: mwingine miguuni, mwingine gotini, mwingine pembeni kwenye mbao tupu.

Nje mvua ilikuwa ya rasharasha. Silvana aliegemea ukuta akipumua.

"Usidhani nimekubali," alisema. "Magoti yaliniuma, na mzungu ananikodolea macho."

"Najua, wifi."

"Mdogo wangu namjua. Kifo chake si cha kuondoka kwa maneno." Akageukia mlango wa kanisa. "Lakini kama kifo kile cha pale ndani ni kidogo kuliko chake, basi miaka yote hii tumekuwa tukimpigia magoti nani?"

Kalista alijifunika kaniki kichwani, mvua isimpige.

"Na kama ni kunishika, kimeshanishika," Silvana alisema. "Wewe jembe lako lina mpini?"

"Lina."

"Pombe usipike. Sitakunywa."

Jumatatu ya Pasaka Silvana alifika Pito na jembe lake na maji yake mwenyewe. Kesho yake walikuja wanawake wawili zaidi, nao na maji yao. Zenon hakuja. Eustace alipita njiani, akasalimia, akaendelea na safari. Mvua zilikatika mwishoni mwa Aprili wakiwa wamefukia nusu ya shamba. Nusu hiyo ndiyo ambayo Kalista angeipanda Desemba.