Kambale mwenye alikuwa mu mashini

Siku ya kwanza ya kazi yangu, kule Butembo, patron alinikalisha mbele ya ordinateur, kompyuta, na kuniambia: «Katembo, usiguse kitu.» Nikagusa! Muniache, bijana, ile siku niliingojaka tangu masomo. Ilikuwa secrétariat public, nyumba ndogo kwenye batu banaleta barua kuandikisha na kufotokopisha. Mashini ikanguruma, ekrani ikawaka, na mimi nikaruka juu ya kiti. Patron akacheka: «Basi, kwa kuwa umeshaigusa, ni kazi yako.»

Nikakuwa technicien, fundi wa mashini. Kisha nikaenda Kasindi, kwa transitaire, ni kusema mutu mwenye kupitishia bengine mizigo ku douane, kwenye forodha ya mupaka. Kule kulikuwa mavumbi tu! Makamyo yanapita muchana kutwa, mimi nafungua mashini, napuliza, nafunga. Chef d'agence hakujua kungoja. «Technicien! Kamyo iko ku barrière na mashini yako inalala!» Nilimupendaka sana yule muzee. Alinifundisha mbio.

Mais kazi yenye nataka kubaelezea, yenye hata leo nikiiwaza nacheka peke yangu, ilikuwa ya Beni, mu radio moja ya mutaa.

Pale tulikuwa na ordinateur moja ya zamani, nyeupe, ekrani na tumbo pamoja, na alama ya pomme, ile tunda ya tofaa. Mu tumbo yake mulikuwa systèmes tatu. Système ni ile programu kubwa yenye kuamusha mashini na kuitawala. Bila yeye, uko na sanduku tu. Ya pomme, ya kwanza kuingizwa, ilikuwa ya miziki. Kisha Linux, ya Mama Katungu, journaliste wetu, mwenye alikuwa anafanya mule montage, ni kusema kukata na kuunga sauti. Ya mwisho Windows, ya secrétaire na barua zake.

Ukiiwasha, menu inatokea: picha tatu, chagua yako. Lakini zile picha, aah! Ndogo, za kijivu, mbaya. Ya Linux ni pingwini, na hapa kwetu nani alishaonaka pingwini? Bamoja banasema bata, bengine kunguru. Secrétaire anaangukia kwa Mama Katungu, Mama Katungu anaangukia mu miziki. Zima, washa tena, ngoja. Na ile mashini, kuamuka kwake ilikuwa polepole sawa mugonjwa! Saa ya emission, ile kipindi ya Mama Katungu, inapita.

Na ile emission haikuwa muchezo. Vita ilitawanyaka batu, na Mama Katungu alikuwa anapitisha sauti za benye kutafuta bandugu bao. Mu Linux mulikuwa sauti ya mama mumoja, mulimaji wa Manguredjipa, anatafuta binti yake. Kila mara tunakosa saa, haipite. Na disque yetu ya kuchungia copie ilishakufa, donc ile sauti ilikuwa mule tu, hakuna pengine.

Monsieur le Directeur akachoka. «Technicien, vendredi, hii Ijumaa, nafuta yote. Nabakisha Windows, basi!»

Mama Katungu akanikamata mukono: «Papa Katembo, yule mama nilimuapia. Fanya kitu!»

Kufanya kitu? Damu ilinichemuka na furaha! Sikilizeni vile tulikuwa tunafanya. Picha za menu ni bafichiers, faili tu, zenye kukaa pamoja mu dossier moja. Kwanza unachunga za zamani pembeni, hiyo usisahau. Unachora yako, carré, pande ine sawasawa, kipimo sawa na ya kwanza, nyuma yake transparent, ni kusema haina rangi. Unaipatia jina ile ile ya zamani, juu mashini inatafuta jina, haitafute uzuri. Kisha, mu fichier ya configuration, unaandika maneno ya kutokea chini ya picha. Ukikosea hata virgule moja, ile alama ya mukato, menu inakataa.

Sasa maneno gani? Nikawaza: hizi systèmes zilizaliwa moja nyuma ya ingine, na kwetu Banande mutoto anapata jina kufwata ni wa ngapi kuzaliwa: mwanaume wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Nikazibatiza! Mumbere ya miziki, nyekundu. Kambale ya montage, rangi ya majani. Kasereka ya barua, bluu. Nilichora herufi kubwa, nzuri, ee Mungu wangu, niliona ni kama nimejenga kanisa.

Vendredi asubui secrétaire akafika, jina yake Kambale. «Oh! Technicien amenipatia yangu!» Akaingia mu montage, akaanza kutafuta barua zake. Gardien, Kambale naye, akachungulia mu dirisha: «Mimi pia? Mais sijue hata kuandika na hii kitu!» Mutangazaji wetu Kasereka akafungua Windows na kuuliza ni nani amejaza barua mu mashini yake. Nikashika kichwa. Nilisahau kama nusu ya Beni ni Kambale!

Na palepale Monsieur le Directeur akaingia, CD ya kufutia mu mukono.

«Chef, ngojako kidogo, nirekebishe...»

«Nyamaza, technicien.» Akakaa, akawasha, akatazama. Sura yake ikafunguka. «Kambale? Hii ni yangu?»

Juu yeye pia, Kambale! Akafinya. Montage ikafunguka pale Mama Katungu aliachia, na yeye akafinya tena, kuona ni nini. Sauti ikatoka: «Binti yangu, kama unanisikia, niko muzima. Nyumba ingaliko. Rudia, hata mikono mitupu.»

Directeur akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Juu ya nini hii haijapita?»

«Chef,» Mama Katungu akajibu nyuma yetu, «kila siku tunakosa mulango.»

Akatia CD mu mufuko. «Ipite leo. Na hii Kambale, mutu asiiguse.»

Ikapita siku ile! Mimi nikachora tena: gitare, micro ya kusemea, barua, kila mutu akaona kazi yake. Mais chini ya micro nikaacha Kambale. Amri ya chef.

Sasa niko mu retraite, niliachaka kazi, niko Butembo. Simu zenu zinawaka bila kuuliza kitu, na munanicheka: «Papa, kubadirisha bipicha, nayo ni kazi?» Ni kazi! Kitu kinaweza kukuwa muzima kabisa mu nyumba, mais kama batu banakosa mulango, ni sawa hakiko.

Mais sijamaliza: kisha ile emission kupita, bamposho kidogo, ni kusema majuma, mama mumoja aliingia mu cour, uwanja ya radio, na kuku mukononi, na musichana mukubwa nyuma yake. Mama Katungu akapiga kelele, akabakumbatia bote babili. Mama akasema: «Banasema sauti yangu ilichungwa na Kambale. Ni nani?»

Secrétaire akainua mukono. Gardien akainua. Mu dirisha ya bureau, Monsieur le Directeur akainua wake. Tulicheka mpaka machozi!

Nikamupeleka mama mbele ya mashini, nikaiwasha, menu ikatokea. «Ni huyu.»

Yeye hakucheka. Akapatia Mama Katungu kuku, akashika binti yake mukono, akainamia ekrani.

«Wasingya, Kambale.»

Na binti, polepole, akashukuru naye: «Wasingya.»