Kamwene Niliyoiacha Ukutani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau, na sidhani kama kaburi litanisahaulisha. Ulikuwa mchana, jua limetoka baada ya ukungu wa asubuhi, nami nimekaa jikoni kwangu Iyunga, Mbeya, namenya viazi. Karai lilikuwa limejaa. Nakikumbuka kisu kile, mpini wake ulifungwa kwa kamba ya mpira. Nakikumbuka hata kiazi kimoja kilichokuwa na macho mengi. Kila kitu nakikumbuka, kwa sababu nilikuwa nikimenya kwa bidii ili nisisikie.

Lakini nimeanza katikati. Uzee una tabia hiyo, nivumilie.

Mimi ni Mhehe wa Idodi, kule kwenye joto na vumbi, barabara ya kwenda mbugani. Niliolewa na Ambakisye, Mnyakyusa wa Rungwe, fundi seremala aliyekuwa na kibanda chake pale Mwanjelwa. Huenda umesikia kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukimwona mzee anakuja njiani, unaacha njia, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake hulitaji. Chumba alimo huingii. Ninyi vijana mnacheka, lakini ilikuwa heshima, na wanawake wengi waliishika kwa moyo mweupe. Mimi nataka kukwambia jinsi nilivyoishika kwa moyo mweusi.

Siku ya harusi tulipoingia uani kwao, baba mkwe alisimama mbali, amegeuza uso kama mila inavyotaka. Kisha akapaza sauti: "Jamani, fungeni mbwa wenu, Mhehe ameshafika!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Utani huo wa kwamba tunakula mbwa sisi Wahehe tumeuzoea, tunataniwa nao sokoni, kwenye basi, hata kanisani. Angenitania shemeji ningemrudishia papo hapo. Lakini baba mkwe hana utani na mkamwana wake, wala mimi nisingeweza kumjibu. Niliona amenivua nguo mbele za watu, na nikaapa moyoni kwamba huyu mzee hatapata neno kutoka kinywani mwangu. Leo najua kwamba alikuwa mtu wa haya, mila imemnyima salamu, akaazima utani ili aniambie karibu. Leo najua. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, na usaha ule niliufuga mimi.

Mwaka wa tatu wa ndoa, mama mkwe alikuwa ameshafariki, na baba mkwe akaugua mguu, vidonda visivyopona. Ambakisye akamleta kwetu ili awe karibu na hospitali. Tukampa chumba kilichopakana na jiko, maana Mbeya ina baridi na ukuta ule ulipata joto la mkaa. Kazi yangu ilikuwa kupika. Nilibeba chakula, nikakiweka kwenye kigoda nje ya mlango, nikakohoa, nikaondoka. Nikishafika jikoni ndipo nilisikia mlango ukifunguliwa, na sauti yake ikisema, "Ndaga." Ahsante. Kila mlo, kila siku, ndaga. Mimi kimya. Kumwosha na kumgeuza ilikuwa kazi ya mwanawe, asubuhi kabla ya kwenda Mwanjelwa, mchana akija kula, na jioni.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwa miaka mingi tulilijua mimi na bibi yangu tu. Wiki chache kabla ya siku ile ya viazi, Ambakisye akiwa kazini, mzee aliongea nami kupitia ukutani.

"Mwanangu," alisema, "mambo ya kujifichaficha tuyaache. Mimi nimezeeka, na mguu umenishinda. Nakufungulia leo, Mungu shahidi. Ukinisikia nimeita, ingia tu, unishike mkono. Umesikia gwe?"

Nilisikia. Sikujibu, na sikumwambia mume wangu.

Tangu hapo akaanza kitu kingine. Sijui alikwenda kumuuliza nani, labda jirani aliyekuja kumwona, lakini akajifunza salamu ya kwetu. Asubuhi, nikiwasha mkaa, nilisikia ukutani: "Kamwene!" Aliitamka kwa lafudhi ya Rungwe, akiivuta mno. Wewe si Mhehe, kwa hiyo nikufafanulie. Jibu la kamwene ni kamwene. Halihitaji akili wala mapenzi. Kwetu unamjibu hata mtu mliyegombana naye kwa mpaka wa shamba, kisha ugomvi unaendelea. Kumnyima mtu jibu la kamwene ni kumwambia kwamba hayupo. Mzee alijua kwamba mila ya kwao nimeifanya mlango wa kujifungia, akabisha kwa mila ya kwetu. Nami nikajifanya Mnyakyusa kuliko Wanyakyusa wenyewe.

Basi siku ile, karai limejaa viazi, nikasikia kishindo chumbani, kama kigoda kimeanguka. Halafu, "Kamwene!" Nikachukua kiazi kingine. "Kamwene, mwanangu!" Nikasema moyoni, leo anajichosha. Ya tatu ilikuwa ya chini, karibu na sakafu, na haikumalizika. Aliishia "kamwe."

Nilijua, mwanangu. Usimwamini mtu anayekwambia kwamba hakujua. Mkono wangu ulisimama na kisu hewani, na nilijua kwamba sauti inayotoka sakafuni si ya mtu aliyelala kitandani. Kisha nikakumbuka mbwa wa siku ya harusi, nikaendelea kumenya.

Ambakisye alikuja kula akamkuta babake amelala nyuma ya mlango, mkono mmoja umefika kwenye kizingiti. Alikuwa ameshakata roho. Sijui kama ningemwokoa, na daktari hakusema hivyo wala kinyume chake. Ila ningemwinua kutoka sakafuni, na asingekufa akigonga kwenye nyumba yenye mtu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifunga. Msibani kule Rungwe, wanawake walikaa wakinisifu. "Huyu Mhehe ametushinda sisi wenyewe," walisema. "Amekaa na mkwe ukuta kwa ukuta, na mzee hakuwahi kuisikia hata sauti yake!" Ambakisye alinishika mkono machozi yakimtoka, akaniambia, "Ulimheshimu baba." Nikainamisha kichwa, na wao wakaona unyenyekevu.

Baada ya msiba nilikwenda Idodi kupumzika. Nilimkuta bibi yangu mzaa mama uani, anapukuchua mahindi. Bibi alikuwa mwanamke mkali, mfupi, asiyependa mtu anayezungukazunguka na maneno. Nikamwambia yote, pengine nikitumaini atanipoza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole gumba chake hakikuacha kupukuchua.

"Mila ya watu umeifanya shimo la kujifichia," alisema. "Wenyewe waliitunga ili mzee aheshimiwe. Wewe umemzikia humo."

Nikamwambia, "Bibi, sasa nifanye nini? Mtu ameshakufa."

"Alikusalimu. Kajibu."

"Nimjibu nani?"

"Ana mtoto. Umelala naye kitanda kimoja. Mwambie mumeo, halafu yakupate yatakayokupata."

Nikasema nitamwambia. Na kweli nilikusudia, lakini niliporudi Iyunga mume wangu bado alikuwa kwenye majonzi, nikasema ngoja apoe. Alipopoa nikawa mjamzito. Mtoto akaja, tukafurahi, nikasema nisiharibu furaha. Usidhani ni shida tu zinazomzuia mtu kusema kweli, mwanangu, hata furaha ni kisingizio kizuri sana. Kila nilipokwenda Idodi bibi aliniuliza neno moja, hata kabla sijakaa: "Umeshajibu?" Nami nikasema bado. Alipokuwa anakufa, haoni tena, akanitambua kwa mkono, akaniuliza. Nikasema bado. Akageuza uso.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, imenichukua miaka arobaini. Na njiani nilivikwa taji! Wanawake wa kanisani walianza kunialika kwenye sherehe za kuwafunda mabibi harusi, nisimulie jinsi nilivyomheshimu mkwe. Siku hizi mnaziita kitchen party, kuna muziki na vyombo vimefungwa riboni. Nimekaa mbele ya mabinti wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikiwafundisha kukohoa mlangoni. Walinipa vitenge. Nilirudi nyumbani navyo, nikaviweka kabatini, sikuwahi kushona hata kimoja.

Mwaka juzi Ambakisye alipigwa na kiharusi. Ulimi ulikufa, upande wa kulia ukafa, ukabaki mkono wa kushoto na masikio. Nilimlisha uji kwa kijiko. Mchana mmoja, Neema, mke wa mwanetu, amekwenda sokoni, nilimtazama nikaona kwamba nikichelewa tena nitachelewa moja kwa moja. Nikamshika ule mkono wa kushoto nikamwambia. Ukuta, kamwene tatu, viazi, hata kwamba babake alikuwa amenifungulia. Sikupunguza kitu. Nililia, lakini nilihakikisha maneno yanasikika.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akautoa mkono wake katika mkono wangu, akauingiza chini ya blanketi.

Siku tisa hakula kutoka kwangu. Nikileta kijiko anafumba mdomo, Neema akileta anakula. Neema aliogopa, akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia naye. Nilikuwa nimeshaanza, na mtu akishaanza kutapika hachagui. Neema alichukua bakuli akaenda kuliosha. Siku zile nilikaa nje ya chumba cha mume wangu, juu ya kigoda, nikisikia kijiko kikigonga bakuli upande wa pili, na nilielewa maisha ya mzee yule yalivyokuwa. Niliumia, na nikaona ni haki.

Siku ya kumi nilijaribu tena. Alinitazama, akafungua mdomo.

Sitakudanganya kwamba nilisamehewa. Hakuwa na ulimi wa kuniambia, na aliondoka miezi mitatu baadaye bila kunirudishia ule mkono. Alifungua mdomo nikamlisha uji, basi. Hicho ndicho nilichonacho, na nimegundua kwamba mtu mzima anaweza kuishi nacho.

Sasa ni mimi ninayelala katika chumba kile kilichopakana na jiko. Miguu imechoka, na Neema aliona nikae penye joto. Mchana nikibaki peke yangu huirudia siku ile tangu mwanzo, kishindo, sauti, kisu. Zamani ilinijia yenyewe nami nikaikimbia, nikaenda kufagia, kuimba, kugombana na jirani. Siku hizi naiita mimi, naiambia keti. Inauma vilevile, ila hatufukuzani tena. Kama hiyo ndiyo amani wanayoihubiri, basi nimeipata, na bei yake naijua.

Wiki iliyopita nilimwita Neema kupitia ukutani, hakuitika. Nikaita tena, kimya. Mwanangu, jasho lilinitoka na baridi yote ile! Nikasema, ameshanihukumu, na ana haki. Kumbe alikuwa nje anaanika nguo. Alikuja mbio, mikono imelowa, akisema, "Abee, mama! Abee!" Nikalia kama mtoto, naye asijue alichonifanyia.

Jumamosi wanakufunda wewe, na wamenialika nikueleze habari ya heshima. Nitakwenda. Nitawaambia wanawake wote haya ninayokwambia sasa, na vile vitenge nitawarudishia. Wengine hawatanisalimu tena, najua, na hilo nalo nimelitafutia nafasi moyoni.

Lakini wewe nimetaka uyasikie kwanza, bila muziki. Shika mila za uendako, ni nzuri, ila ukiona mila inakupendeza hasa pale inapomuumiza mtu usiyempenda, jichunguze, umeshaanza kujificha. Utani ukikuchoma, sema umekuchoma siku hiyohiyo, usiulaze. Na ukikosa, usingoje ulimi wa uliyemkosea ufe ndipo umtafute, kwa sababu majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea mpaka akaota mvi. Mtu akikuita, itika. Ukiwa umekasirika, itika kwa hasira, lakini itika.

Mungu akupe nyumba yenye kuta nyembamba na masikio mepesi. Akupe wazee wa kuwalisha na mkono usiosita. Na siku utakapoanguka wewe, maana sote tutaanguka, sauti yako isiishie sakafuni.

Haya, nimemaliza. Kamwene, mwanangu. Nijibu nisikie.