Nyumba ya Mabonga

Sisi wa Kambi ya Mbao hatukufukuzwa. Watu wanapenda kusema tulifukuzwa, hata kanisani wananiombea kama mtu aliyefukuzwa, na mimi huwa nawakatiza. Tuliitwa mkutano, tukaketishwa kwa viti, tukapewa soda. Tukaambiwa kampuni imenunua shamba lote la kiwanda cha mbao, kutoka barabara ya Kapsoya mpaka mtoni, na magorofa yatajengwa, na kila nyumba ya zamani itapewa nyumba moja ndani ya hayo magorofa. Mlango kwa mlango. Wengi walipewa. Mimi sikupewa, na sababu nitaisema mwenyewe kabla mtu mwingine hajaisema vibaya.

Naitwa Nakhumicha. Nililetwa hapa Eldoret nikiwa msichana, kutoka upande wa Kimilili, baada ya Joseph Mabonga kupeleka kwetu ng'ombe kumi na watatu. Mabonga alikuwa anashika msumeno mkubwa kwa kiwanda. Nyumba aliijenga na zile mbao za pembeni zenye maganda, ambazo wazungu wa kwanza na wahindi wa baadaye walikuwa wanatupa. Kila mwaka kabla ya mvua alizipaka oili chafu ya lori. Majirani walipaka rangi ya samawati na ya kijani, wakatucheka kwamba tunaishi ndani ya injini. Baada ya miaka sita mchwa walikula hizo rangi zao. Yetu ilisimama.

Mimi kazi yangu ilikuwa maranda. Unashindilia maranda ndani ya debe, chupa ikiwa katikati. Ukimaliza unaichomoa chupa, inabaki shimo, unawasha kutoka chini. Hilo jiko litawaka asubuhi mpaka jioni na maharagwe yataiva bila mtu kuyaangalia. Lakini mkono ukitetemeka wakati wa kuchomoa chupa, yote inabomoka na unaanza upya. Wanawake wa kambi walikuwa wananiletea madebe yao niwashindilie. Mkono wangu ulikuwa hautetemeki.

Mabonga alikufa na kifua, miaka kumi na moja sasa. Tulimzika kwao. Cheti cha kifo hakuna aliyekitafuta. Naibu wa chifu alikuwa hapo kwa mazishi, alihutubia na akala nyama. Ni nani angeenda ofisini kwake kumwambia kwamba mtu amekufa? Kitambulisho chake nilikiweka ndani ya Biblia.

Basi wakaja watu wa kuandikisha. Wetu alikuwa msichana wa hapa hapa Uasin Gishu, Jepkemboi, mwenye adabu, na simu kubwa kama sinia. Siku hiyo Kageha, jirani yangu Mmaragoli, alikuwa ameketi kwangu anachambua mboga.

"Mwenye nyumba ni nani, Mama?" Jepkemboi akauliza.

"Joseph Mabonga."

"Kitambulisho chake kiko hapa?"

Nikaamka, nikatoa ndani ya Biblia, nikampa. Kageha akanivuta nguo. Tukaanza kuzozana kwa Kiluhya ili yule msichana asisikie.

"Mama Mercy, toa chako," Kageha akasema.

"Changu cha nini? Mimi ndiye nilijenga?"

"Na huyo wa Biblia ndiye atakuja kuchukua funguo?"

"Wewe umeandikisha jina lako kwa sababu hukuwa na bwana wa kuandikisha."

Hilo neno lilikuwa baya, maana bwana wa Kageha alimtoroka. Lakini yeye alicheka tu. "Haya. Mimi nitalala gorofani. Wewe utalala na jina."

Msinione mjinga. Nilijua Mabonga yuko wapi, nilimtupia udongo na mkono wangu. Lakini kwetu nyumba inatajwa kwa mwanaume aliyeijenga, hata akiwa kaburini. Mjane akianza kusema nyumba yangu, nyumba yangu, ni kama amemtoa bwanake nje, na watu wataanza kuuliza anamtengenezea nani nafasi. Mimi miaka yote hiyo sikuwahi kusema nyumba yangu.

Orodha ilipobandikwa kwa lango nilienda kusoma. Mimi kusoma ni polepole, herufi moja moja. MABONGA JOSEPH, C, namba nane. Nilisimama hapo mpaka watu wakanisukuma. Tangu msalaba wa kaburi, hakuna mtu alikuwa ameandika hilo jina mahali popote.

Miaka miwili wakajenga, sisi tukiishi pembeni ya vumbi lao. Halafu tukaitwa: kila mwenye nyumba aje aweke kidole kwa mashine, mwisho Ijumaa, ndipo Jumatatu apewe funguo. Nilienda Jumatano, na kitambulisho mkononi. Ofisi yao ilikuwa kontena hapo langoni. Jepkemboi alinikumbuka.

"Mama, mzee aje mwenyewe. Mashine inataka kidole chake."

"Mzee alikufa."

"Pole sana, Mama. Lini?"

"Miaka kumi na moja."

Akahesabu kimoyomoyo. Nilimwona akihesabu. "Sasa Mama, ulinipea kitambulisho cha marehemu?"

"Ulisema mwenye nyumba. Ni yeye."

"Cheti cha kifo uko nacho?"

"Hapana."

"Cheti cha ndoa?"

"Ng'ombe kumi na watatu."

"Ng'ombe hawana karatasi, Mama."

"Walikuwa na pembe. Nenda Kimilili uulize."

Watu waliopanga laini nyuma yangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitoka nje akapiga simu, akakaa sana, akarudi na karatasi moja na kalamu, akaniketisha. Akaongea chini, kama mtu anayeongea na mamake.

"Kuna njia moja. Hii ni fomu ya kurekebisha makosa. Unasema wewe ndiye ulikuwa unaishi hiyo nyumba, peke yako, na hujawahi kuolewa. Kitambulisho kilikuwa cha mpangaji wa zamani, kikapeanwa kimakosa. Majirani wawili wanakushuhudia. Mkubwa wangu amekubali. Saini tu, nyumba ni yako."

"Hujawahi kuolewa?"

"Ni karatasi tu, Mama. Nikiandika una ndoa watataka korti, watataka warithi, na hiyo ni miezi. Sisi tunafunga Ijumaa."

Kageha alikuwa nyuma yangu. "Mimi nitashuhudia," akasema. "Saini, Mama Mercy. Mabonga hasomi tena."

"Na Mercy nilimzaa na nani? Na mpangaji?"

Laini yote ikalipuka. Mwanamke mmoja alishika ukuta kwa kucheka. Nikaweka kalamu chini, nikainuka, nikamwambia Jepkemboi, "Binti yangu, nyumba ya kupewa kwa kumkana mtu, kaa nayo." Nikatoka mgongo ukiwa wima. Nilisikia mtu akisema, huyo ni mama. Nilitembea mpaka kwangu na hilo neno kama nimebebwa.

Sasa sikilizeni kosa langu lilikuwa wapi, maana si hapo. Kwetu mtu hakubali mara ya kwanza. Hata kuolewa, watu wa Mabonga walikuja wakarudishwa, wakaja tena wakarudishwa, na walipokuja mara ya tatu walikuwa na maneno mazuri zaidi. Anayekubali mara moja ana njaa. Anayekataa, wanamrudia. Mimi nilijua watanirudia. Watakaa chini na wakubwa wao, watatafuta karatasi nyingine isiyo na matusi.

Alhamisi nilifagia uwanja, nikavaa gauni la kanisa, nikashindilia jiko, nikaweka maji ya chai. Aliyekuja ni binti yangu Mercy, ambaye Kageha alikuwa amempigia simu. Alikuja kutoka mjini akiwa bado na aproni ya hoteli anakofanya kazi.

"Mama, ni kweli umekataa nyumba?"

"Sijakataa nyumba. Nimekataa maneno."

"Baba alikujengea ndiyo ulale ndani. Sasa unakataa kulala ndani kwa sababu yake?"

"Wanataka niseme wewe huna baba."

"Sema hata uliniokota kwa soko! Mimi baba yangu namjua." Akakaa kwa kitanda, akaanza kulia. "Niko kwa chumba kimoja na watoto watatu. Hiki kitanda kitaingia kwangu na mlango gani?"

Nilimpa chai. Nikamwambia angoje tu, watakuja. Aliniangalia vile mtu anaangalia mgonjwa, akarudi kazini.

Ijumaa nilivaa lile gauni tena. Mvua ilinyesha kutoka mchana. Nikasema ni mvua imewazuia, watu wa ofisi hawapendi matope. Nilikaa mlangoni mpaka giza, na kutoka hapo mlangoni ninaona kontena vizuri. Niliona wakifunga. Niliona Jepkemboi akifungua mwavuli, akasimama kidogo akiangalia upande wetu, halafu akaingia kwa gari.

Jumamosi na Jumapili sitaeleza.

Jumatatu nilifika kabla hawajafungua. Jepkemboi hakuwa hapo, amepelekwa mradi mwingine. Kulikuwa na kijana wa tai. Kageha alikuwa amekuja kuchukua funguo zake, na wengine wengi wa kambi walikuwa hapo, wameoga, wamevaa.

"Nimekuja kusaini ile fomu," nikasema.

"Fomu gani, Mama?"

"Ile ya kusema sikuolewa."

Akafungua mashine yake. "Hiyo ilifungwa Ijumaa jioni. C nane ilibaki bila mtu, ikarudi kwa za kuuzwa. Imeshachukuliwa."

"Nasema sikuolewa. Andika."

"Nimekusikia, Mama."

"Mabonga alikuwa mpangaji. Alikuwa anapita tu. Mercy ni wangu peke yangu. Andika!"

Sikujua kwamba napiga kelele mpaka kijana aliposukuma kiti chake nyuma. Hakuna aliyecheka. Kageha alikuwa anaangalia funguo mkononi mwake.

"Mama," kijana akasema polepole, "hata ukisema, hakuna mahali pa kuandika."

Walibomoa Alhamisi. Nilikuwa nimehama tayari. Kitanda hakikuingia kwa mlango wa Mercy, tulikiuza pale pale njiani. Nalala chini na wajukuu wawili, na jiko langu siwezi kuliwasha kwa sababu moshi unaingia kwa jirani. Kageha ananitumia salamu nije nione kwake, kwamba maji yanatoka ukutani na kutoka dirishani unaona mji wote mpaka huko mbele. Sijaenda. Si chuki. Mlango wa C nane unapakana na wake, na ananiambia wenyewe ni vijana wazuri, wana gari na mtoto mmoja.

Juzi mwenye ploti ambayo Mercy amepanga chumba alikuja kuandika upya watu wanaoishi kila chumba. Alisimama mlangoni na kitabu chake.

"Na huyu?"

"Ni mama yangu," Mercy akasema.

"Ako na bwana? Kuna mwingine anakuja?"

Miaka hamsini hilo swali nimekuwa nikilijibu mimi mwenyewe, tena kwa sauti. Mercy aliniangalia, akaningoja. Mwenye ploti naye akaningoja, kalamu ikiwa juu ya kitabu. Nilishika shughuli ya kumfunga mtoto viatu.

"Hana," Mercy akasema, na yule mtu akaandika.