Kanigonga kwa nyuma kwenye mteremko, halafu akasema mimi ndiye nimerudi nyuma

Wakuu, amani ya Bwana iwe kwenu. Haya nayaandika kama niko mbele ya altare, siongezi wala sipunguzi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Niboye hapa Kigali. Nimekulia Tanzania. Nasambaza mayai madukani kwa kagari kangu kadogo. Bila hako kagari, kazi hakuna.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nateremka kilima. Mbele kuna zebra, bibi anavuka, nikasimama.

Puu! Nyuma.

Trei zote za mayai, supu.

Aliyenigonga akashuka, baba wa makamo, suti safi. "Mubyeyi," yaani mzazi, "nisamehe sana, simu ilinichanganya." Nikasema sawa, tushukuru tuko wazima.

Sasa hapo ndipo nilipokosea.

Foleni ilikuwa imeshajaa, honi kila upande. Akaniambia, "Tusogeze tusizibe watu njia." Nafasi ilikuwa ng'ambo tu, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Tukageuza, tukapaki pale. Mimi mbele, yeye nyuma, magari yote yanatazama JUU.

Mmeshaelewa?

Askari wa trafiki alipofika akaandika na kupiga picha alichokikuta. Yule baba, bila hata kupepesa: "Afande, huyu mama alikuwa anapanda kilima, breki zikamshinda, gari likarudi nyuma likanigonga mimi."

Yezu wangu!

Kwenye bima yake huko Kacyiru, kijana wa madai akanionyesha picha. "Mama, kawaida wa nyuma ndiye mwenye kosa. Lakini picha iko hivi, gari lako liko juu, la kwake chini. Hapa fault tunakupa wewe."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nateremka."

"Uko na shahidi?"

Bibi wa zebra simjui hata jina. Kamera sina.

Nikaondoka, lakini sikulia. Form four nimeimaliza kwa masomo ya jioni huku nanyonyesha, mtu wa suti hawezi kunivunja moyo. Nikaanza novena yangu, siku ya pili nikarudi pale pale kwenye zebra, kwa miguu.

Nikamkuta dada anayefagia barabara, na kikoti chake na ufagio. Mnaijua Kigali, jani halilali barabarani. Nikamuuliza kama Jumatatu alikuwepo.

Akanikazia macho. "Kumbe ni wewe! Mmenimwagia mayai na vioo wakati nimeshamaliza kufagia!"

"Nisamehe dada. Vioo vilikuwa upande gani?"

"Huu huu wa kuteremka. Si nilimpigia picha kapita?"

Wakuu, sikilizeni. Kapita ni msimamizi wao. Kila asubuhi wanamtumia picha WhatsApp kuonyesha kipande chao kiko safi. Siku ile dada aliogopa kuambiwa hajafanya kazi, akapiga picha ya ule uchafu kabla sisi hatujasogeza magari.

Akafungua simu. Mayai yale pale. Zebra ile pale. Kagari kangu kanatazama CHINI, na yule baba kaning'ang'ania nyuma kama kupe. Saa imeandikwa.

Nilipiga goti pale pale kwenye lami. Dada akasema, "Mama inuka, utachafua gauni, nami utaniongezea kazi."

Nikarudi Kacyiru na picha na statement niliyoandika kwa mkono wangu, kurasa mbili. Wakamwita na yule baba. Kijana wa madai akaitazama picha, akamgeukia.

"Mzee, gari la huyu mama lilirudi nyuma likipanda mlima? Labda lilisukumwa na malaika."

"Malaika wana kazi nyingine," nikasema.

Ofisi nzima ikacheka. Yule baba akainama. "Mubyeyi, tusameheane."

Nikamwambia, "Nilishakusamehe tangu Jumatatu. Lakini sahihi weka."

Akaweka, kosa lake asilimia mia. Bima yake imetengeneza gari, na mayai wamelipa. Leo nimezunguka maduka yangu yote naimba.

Somo: mtu akikugonga, msamehe hata mara sabini, lakini piga picha KABLA hujasogeza tairi. Honi hazijawahi kuua mtu.

Wenzangu mnaoendesha kwenye vilima, nyie foleni ikiwapigia kelele mnafanyaje? Na wale wa bima humu, askari akikuta magari yameshasogezwa mnaamini nini? Semeni, nasoma zote.