Shangazi na Mtambo Asioruhusiwa Kuugusa

Saa tatu asubuhi, Shangazi amesimama nyuma ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni, mikono ameifunga mgongoni. Mbele yake mtambo wa kutengeneza mabomba ya plastiki unanguruma wenyewe. Hakuna aliyeushika. Midomo ya Shangazi inachezacheza, anaomba.

"Dada, hata Mungu mwache apumue kidogo," anamtania mdogo wake kutoka kwenye hodhi la kuoshea plastiki, povu likiwa limemfika viwikoni. "Tangu uingie hujamwachia nafasi ya kujibu."

"Wewe osha," Shangazi anasema bila kugeuka. "Leo usinichekeshe."

Leo ni siku ya jaribio. Mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi wote humwita Bosi, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kalamu sikioni. Ameweka sharti moja tu: mtambo ufanye kazi kuanzia sasa hadi chakula cha mchana, ukilishwa plastiki ya kuokota kutoka gunia lolote, bila mkono wa mtu kuugusa. Ukiweza, kazi ya kuokota na kuosha plastiki itaendelea. Ukishindwa, Bosi atauuza na kununua mwingine unaotumia plastiki mpya ya dukani, ambayo haihitaji kuoshwa na mtu yeyote. Wanawake kumi na wanane wanaofanya kazi kwenye mahodhi wataondoka. Mdogo wake Shangazi ni mmoja wao.

Ndiyo maana leo hakuna anayeimba huko nyuma.

Shangazi ana umri wa miaka arobaini na tisa. Hilo si jina lake halisi, lakini kiwandani hata walinzi wenye mvi humwita hivyo. Alianza kwenye hodhi lilelile anakosimama mdogo wake sasa, akahamia kwenye mashine ya kusaga, kisha akapewa mtambo mkubwa baada ya aliyekuwepo kuacha kazi kwa hasira. "Aliniambia, 'Huu mtambo una mashetani, nakuachia na mashetani yake,'" anakumbuka huku akicheka. "Nikamwambia, waache, tutazoeana."

Kazi yenyewe ukiieleza ni rahisi. Ndoo zilizopasuka, chupa, vifuniko na mifuko huoshwa, husagwa kuwa vipande vidogo, kisha humiminwa kwenye faneli iliyo juu ya mtambo. Ndani kuna pipa refu la chuma lenye joto kali. Parafujo nene huzunguka humo, ikiisukuma plastiki inayoyeyuka hadi mdomoni, inakotoka ikiwa bomba jeusi la maji.

Ugumu uko kwenye magunia. "Plastiki mpya ni kama mtoto mmoja, ukishamjua umemjua," anasema Shangazi. "Ya kuokota ni kama wageni wa msibani. Kila mmoja katoka kwao, kila mmoja na njaa yake. Gunia hili linataka moto mwingi, la pili ukilipa moto huo linaungua."

Kwa miaka mingi aliyejua tofauti hizo ni yeye peke yake. Alisikiliza mngurumo, akanusa moshi, akabadilisha joto na mwendo. Alipokuwa zamu, bomba la kutupwa lilikuwa nadra. Asipokuwepo, katika kila mabomba kumi, manne yalitoka na mapovu au kuta nyembamba kama karatasi. Mwaka huu alipokwenda kumzika mama mkwe wake, alirudi na kukuta mtambo umeganda plastiki tumboni. Iliwabidi waifukue kwa patasi.

Hapo Bosi alifika mwisho wa uvumilivu. "Kiwanda hakiwezi kutegemea pua ya mtu mmoja," alimwambia mbele ya watu.

Maneno hayo yalimchoma, lakini Shangazi hakuyakataa. Alikwenda kwa fundi wa kompyuta wa kiwanda, kijana wa miaka thelathini na tatu aliyesomea kazi hiyo chuoni na anayejulikana kwa jina la Waya kwa sababu hakosi waya mfukoni. Kompyuta ya mtambo ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa na mpangilio mmoja wa joto na mwendo, asubuhi hadi jioni, hata magunia yabadilike vipi. Shangazi alimuuliza kama kompyuta inaweza kujipanga upya yenyewe kila gunia linapobadilika.

"Nilimjibu, inaweza, ila lazima kwanza ihisi," anasema Waya. "Haina pua, Shangazi. Tuitafutie pua."

Pua waliyoipata ni vihisi viwili. Kimoja kinapima jinsi mota inavyoelemewa na mzigo, kingine kinapima msukumo wa plastiki mdomoni. Waya aliandika programu ya kuvisoma. Kisha likaja somo lenyewe. Kwa wiki tano Shangazi alisimama mahali pake pa kila siku, akasikiliza, akasema: "Hii laini." "Hii ngumu." "Hii ina mifuko mingi, punguza moto wa nyuma." Waya aliingiza kila neno kwenye kompyuta, ikajifunza kulinganisha maneno hayo na vipimo vya vihisi. Wiki ya mwisho ilikuwa inapanga yenyewe, Shangazi akiwa pembeni ya mtambo, na bomba likitoka safi kama limechongwa.

Walishikana mikono. Wakamwita Bosi.

Sasa jaribio limefika katikati. Gunia la pili limekwisha, na mpakiaji anamimina la tatu. Ni la mifuko mingi, myepesi, inayopepea. Shangazi analitazama likizama kwenye faneli.

Mngurumo unabadilika. Mtu mwingine asingesikia. Shangazi anasikia, na kabla hajawaza lolote mkono wake wa kulia umeshatoka mgongoni na mguu umekanyaga mstari wa njano.

"Shangazi!" Bosi anaita.

Anasimama. Anautazama mkono wake ulionyooka hewani, vidole vimejikunja kama vimeshika kitu. Unaelekea chini ya faneli, kwenye koki ndogo ya maji ya kupooza koo la mtambo, pale plastiki inapoingilia. Koki ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono. Haikuunganishwa na kompyuta kwa sababu hakuna aliyeitaja.

"Nilielewa palepale," anasimulia. "Wiki zote tano, kila gunia la mifuko lilipokuja, nilikuwa naifungua ile koki kidogo. Sikumwambia Waya kwa sababu sikujua kwamba naifungua. Ni kama kukuuliza umepepesa macho mara ngapi."

Kompyuta ilikuwa imejifunza juu ya mtambo wenye mkono wa Shangazi ndani yake. Leo mkono haupo. Koo limepata joto, mifuko inanata, plastiki haishuki vizuri. Kihisi kinaona mzigo umepungua, na kompyuta inaongeza mwendo ili kufidia. Bomba linaanza kuwa jembamba.

Waya naye ameuona ule mkono, na ameelewa. Anamsogelea, ananong'ona. Bosi ameinama anafunga kamba ya kiatu.

"Robo mzunguko tu, Shangazi. Haangalii. Nenda."

"Hapana."

"Watu kumi na wanane, Shangazi! Mdogo wako yule pale!"

"Namwona. Sina upofu."

Mdogo wake ameacha kuosha. Sasa hatanii. Shangazi anarudi nyuma ya mstari, anajikaza kisabuni, mikono ameibana kwapani. Bomba linazidi kukonda, linayumba, linapasuka upande mmoja kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Kisha linakatika.

Waya anabonyeza kitufe cha kuzima mtambo. Kimya kinaingia, kimya ambacho kiwanda hicho hakijakizoea mchana.

Bosi anainuka kwenye ndoo. "Basi," anasema. "Nimewasikiliza, nimesubiri. Mimi si mtu mbaya, lakini basi."

"Bosi, kosa ni langu," Shangazi anasema.

"Sitafuti wa kulaumu."

"Mimi namtafuta, na nimempata." Anaunyoosha mkono wa kulia. "Ni huu. Umekuwa ukiisaidia kompyuta kisirisiri. Waya hakujua, mimi sikujua. Washa tena uone."

Bosi anamtazama, kisha anautazama mkono. Wanaomjua wanasema hapo ndipo huamua mambo, kabla hajafungua kinywa. Mwishowe anaashiria kwa kidevu: washa.

Mtambo unawashwa, koo linasafishwa, mabaki ya gunia lilelile yanamiminwa. Bomba linaanza tena kukonda. Safari hii Shangazi anavuka mstari waziwazi, anafungua koki robo mzunguko na kurudi. Watu wote wanasubiri. Taratibu bomba linanenepa, linanyooka, linatoka duara kamili.

Mwanamke mmoja kwenye mahodhi anapiga kigelegele. "Nyamaza wewe, bado!" mwenzake anamkemea.

Kweli bado. "Kwa hiyo tumerudi palepale," anasema Bosi. "Nina kompyuta, nina vihisi, na bado namhitaji Shangazi."

"Unanihitaji kwa sababu hujajua bado ninachofanya," Shangazi anamjibu. "Na mimi sijajua. Nipe nafasi nijijue."

Bosi anasugua shingo. Mnunuzi wa mtambo anataka jibu mwisho wa mwezi, anasema, na hawezi kumzungusha. "Jaribio moja tena kabla ya hapo. Moja. Likishindikana msiniletee hadithi ya mkono wala ya mguu."

Mwandishi alipomuuliza baadaye kwa nini hakuigusa koki wakati nafasi ilikuwepo, Shangazi alishangaa swali. "Ningeigusa, tungeshangilia siku ile. Kisha ningepata msiba mwingine, niende zangu, mtambo uzibe tena, na safari hiyo hakuna ambaye angejua sababu. Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Nilimwomba Mungu anipe mtambo unaofanya kazi. Sikumwomba anifundishe kudanganya."

Mdogo wake ana maelezo mengine. "Siku mbili sikusema naye," anakiri. "Nilijiambia, huyu dada yangu ananipeleka kwenye njaa kwa ajili ya koki. Siku ya tatu akaja nyumbani, akakaa kitandani kwangu, akasema, mdogo wangu, macho yako ni makali, njoo uniangalie ninavyofanya kazi. Usiangalie mtambo. Uniangalie mimi."

Hiyo ndiyo kazi inayoendelea kiwandani sasa. Waya ameshafunga koki mpya inayofunguliwa na kompyuta. Shangazi anafanya kazi kama zamani, na mdogo wake anakaa kwenye kiti akimkodolea macho. Akiona jambo, anapiga ukelele.

Siku ya kwanza alipiga ukelele mara moja tu. "Goti!"

"Goti gani?" Shangazi akauliza.

"Umeipiga faneli kwa goti!"

"Mimi?"

"Sasa hivi! Na ile asubuhi pia!"

Waya alicheka hadi akakaa chini, kisha akaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Vipande vikikwama kwenye faneli, Shangazi huishtua kwa goti vishuke. Suruali zake zote za kazi zimechakaa goti la kulia, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa Waya anafunga kimota kidogo cha kuitikisa faneli. Bado hawajui kama kuna kitu kingine.

"Hapo ndipo hofu yetu ilipo," anasema Waya. "Koki tumeiona, goti tumeliona. Tusichokiona ndicho kitakachotumaliza."

Jaribio ni wiki ijayo. Shangazi ameshaamua, na amemweleza Bosi, kwamba siku hiyo hatakanyaga kiwandani kabisa. Atabaki kwake na kuzima simu.

"Nikiwepo nitasaidia tu, hata mkinifunga kamba," anasema. "Ule mtambo lazima umwoneshe Bosi kwamba haunihitaji. Itaniuma kidogo, lakini ndicho ninachokitaka."

Kuhusu baadaye, Mungu akijalia bomba litoke, hana mipango mikubwa. Anafikiria kidogo, anafuta mikono kwenye aproni.

"Tangu nipewe mtambo huu sijawahi kuugua siku nzima," anasema. "Homa ikija naimeza nakwenda kazini. Nataka na mimi siku moja niugue kama watu wengine. Nilale, nijifunike, mtu aniletee uji. Na hao kina mama waendelee kuosha, bila kuuliza Shangazi yuko wapi."