Wazee Wasiojua Kunyamaza na Modemu ya Afande

Kile kisanduku kilikuwa kinanijibu kwa mlio mmoja mzito, kama ng'ombe aliyekanyagwa mguu, na maana yake ni moja tu: umekosea, anza upya. Nimekaa kitandani kwangu Bukoto, redio ya mkononi imepata moto, nabonyeza tarakimu za siri, nyota, tarakimu nyingine, naachia, nasikiliza. Mmm! Naanza tena. Mmm! Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama ng'ombe huyo tutamchinja lini.

Ngoja nieleze, maana watu wakisikia redio wanafikiri muziki na matangazo ya vifo. Sisi ni wazee wachache, wengine tulikuwa jeshini, wengine polisi, kazi yetu ilikuwa mawasiliano. Tulipostaafu tukachukua leseni za redio za kujifurahisha. Juu ya paa la ghorofa moja kule Kansanga tumeweka ripita. Hiyo ni mashine inayodaka sauti dhaifu ya redio ya mkononi na kuitupa tena kwa nguvu, mpaka mtu wa Entebbe akusikie kama mmekaa meza moja. Ripita ina kichwa chake, ndicho kile kisanduku, tunakiita kontrola. Kontrola inaamua nani apite, apite kwa muda gani, na ilie vipi mtu akimaliza kusema. Unaipa amri kutoka mbali kwa kubonyeza tarakimu. Ukikosea moja, ng'ombe.

Shule mimi niliishia darasa la nne. Baba alinipa nichague, vitabu au mbuzi, na mbuzi walikuwa na maziwa. Kiingereza nilikiokota jeshini, Kiingereza cha kusimama na kutembea. Kitabu cha kontrola kimeandikwa na mtu aliyechukia watu. Ukurasa mmoja unakutuma mwingine, huo mwingine unakurudisha ulikotoka.

Yote haya yalikuwa kwa ajili ya rafiki yangu, afande mstaafu wa polisi. Kila jioni saa kumi na mbili tuna mwito. Mmoja wetu anaita namba zote, kila mtu anajibu "Nipo," anaongeza neno la mvua au la magoti, basi. Sauti ya afande ilikuwa kubwa, tulikuwa tunamwambia azime redio, tutamsikia dirishani. Halafu madaktari wakamkuta na uvimbe kooni. Wakakata, uvimbe ukaondoka, sauti nayo ikaondoka. Tangu hapo mwito ukifika namba yake, kimya. Na hakuna mwenye moyo wa kuiruka ile namba. Tunaita, tunangoja, tunaendelea.

Nikaenda kumwona. Alikuwa na kibao na chaki, ndiyo njia yake ya kuongea. Akaandika: "Nauza redio."

"Huuzi," nikasema.

Akafuta kwa kiganja. "Bubu na redio ya nini?"

"Basi uje kwenye wasapu."

"Wasapu ni ya michango ya mazishi."

Hapo alisema kweli. Na ule mlio wa nukta na vistari hakuwahi kujifunza. Polisi walikuwa wanapiga kelele tu, nimemwambia miaka yote.

Fundi mmoja wa redio pale Nakivubo, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyenipa wazo la modemu. Unaandika maneno kwenye simu, modemu inayageuza kuwa mlio, redio inaupeleka, modemu ya upande wa pili inaugeuza kuwa maneno tena. Moja ikae kwa afande, ya pili ifungwe kwenye ripita, ina kioo kidogo cha kusomea. Afande aliposikia akaandika: "Jaribu. Ikishindikana nauza, na usinibembeleze."

Sasa kuifundisha kontrola ikubaliane na modemu! Kwanza ilikuwa inachelewa kufungua mlango, kichwa cha ujumbe kinakatika. Nikabonyeza, ng'ombe, nikabonyeza, ikakubali. Halafu ina ile "pip" ya adabu mtu akimaliza kusema, nayo ilikuwa inaangukia juu ya mlio wa modemu. Nikaifuta. Halafu ikawa inadhani mlio wa modemu ni mtu anayeipa amri, inauziba usisikike, eti ni siri. Hilo lilinilia siku nzima na chai ikapoa. Baada ya yote hayo, afande anatuma, mimi nasikia kraaa, wazee wanauliza nani huyo, na fundi aliye juu ya paa ananipigia simu: "Papa, kwa kioo hakuna kitu."

Nikasema basi, nitapanda mwenyewe.

Chini ya lile ghorofa kuna baa, na baa ile haina kazi nyingine ila kuchoma nguruwe. Mimi ni Mwislamu. Nilipanda ngazi zote nimeziba pua.

"Papa, shuka ule kwanza," fundi akanitania. "Nyama iko muzuri."

"Kula wewe. Niwekee sauti nisikie."

Alikuwa ameunga spika ndogo moja kwa moja kwenye sikio la ripita, kabla kontrola haijachagua chochote. Afande akatuma. Kraaa! Kabla haijafika katikati, mzee mmoja akaingia juu yake: "Stesheni inayoita, rudia, sijakupata!" Wa pili: "Rudia, rudia!" Wa Entebbe naye: "Namsikia mtu, rudia!" Na chini yao wote, modemu masikini bado inalia.

Sisi tulifundishwa hivi: ukisikia mtu anaita, humwachi. Huenda yuko katikati ya adui, huenda anakufa. Kunyamazia mwito ilikuwa kosa la kukulaza mahabusu. Na aliyeambiwa "rudia" anarudia, habishani. Kwa hiyo afande akiambiwa rudia, anatuma tena. Wao wakisikia kraaa, wanasema rudia. Watu wazima wote, wenye wajukuu!

"Papa," fundi akasema, "kontrola iko sawa. Modemu iko sawa. Bazee ndio habako sawa."

Nikachukua redio. "Stesheni zote, kimya. Mtu asibonyeze."

Nikaachia kitufe. Halafu: "Nimepokea, kimya." "Nimepokea vizuri, nanyamaza." "Entebbe nimepokea, magoti yanauma lakini nanyamaza." "Samahani, kuna mtu amesema kimya?"

"Mnajua kwamba huo mlio ni modemu?" nikauliza.

"Tunajua, ssebo. Lakini kama ni mtu?"

"Ni mtu! Ni afande!"

"Sasa kama ni afande, mbona unatukataza kumjibu?"

Nilikaa chini juu ya bati la moto. Halafu nikaona, hawa hawawezi kunyamaza, lakini wanaweza kunyimwa cha kujibu. Nikabonyeza tarakimu za siri, nikaiamuru kontrola iendelee kusikia lakini isirushe chochote. Ikakubali mara ya kwanza, yule ng'ombe hakulia. Sasa afande akituma tutamsikia sisi wawili juu ya paa, wazee hawatasikia hata punje.

Kraaa. Safari hii mlio ukafika mwisho wake, peke yake. Kioo kikawaka: "NYAMAZENI. TANGU MWANZO NAANDIKA NYAMAZENI."

Fundi alicheka mpaka akashika mlingoti. Mimi nikairuhusu kontrola irushe tena, nikawasomea wazee neno kwa neno. Hakuna aliyebonyeza. Wa Entebbe pia hakubonyeza, na yule hajawahi kukosa la kusema. Walikuwa wanamngoja.

Akaanza. Kraaa, nasoma, kraaa, nasoma. Kwamba uji wa mtama anaopewa hauna sukari. Kwamba daktari ni mtoto mdogo anayemwita "jjajja", babu. Kwamba anayeita mwito anataja namba haraka kama kondakta. Kwamba mimi ni mjeshi, ndiyo maana kazi ya asubuhi moja nimeifanya mwezi. Aliyoyaweka kooni muda wote huo aliyatoa jioni ile, na mimi ndiye mdomo wake, juu ya moshi wa nguruwe, koo limekauka. Saa kumi na mbili ikatukuta hapohapo. Mwito ukaanza, namba yangu ikaitwa, nikabonyeza niseme nipo, afande naye akabonyeza palepale, tukagongana. Nikaachia. Akarudia, akapita yeye.

"NIPO," kioo kikaandika. "BADO SIJAMALIZA."