Antoinette Hakuwa na Siku

Mimi ndiye niliyekuwa nafunga mlango. Nalisema mapema, mtu asije akadhani najifanya mwema katika habari hii.

Kusanyiko letu lilikuwa Evere, huku Ubelgiji, kwenye ukumbi wa kupanga nyuma ya gereji ya matairi. Familia kumi na nane, karibu wote wa Bukavu na Uvira. Tulitoka kanisa kubwa mwaka 2004 kwa sababu tuliona limechafuka: magitaa, wigi za maduka ya Porte de Namur, Noeli yenye bia. Sisi tulitaka usafi. Noeli hatukuila, Jumapili hatukununua hata chumvi. Na Meza ya Bwana ilikuwa ya waliopokelewa tu. Ili upokelewe, ulisimama mbele ya wote ukataja siku uliyookoka: tarehe, mahali, na kilichotokea moyoni. Wazee wakiridhika, tarehe yako iliandikwa katika daftari. Wasio na tarehe, mkate ulipoletwa, walitoka wakakaa koridoni kati ya makoti, nami nikafunga mlango.

Antoinette alikaa koridoni miaka minane. Na mkate wenyewe aliuoka yeye! Siku za kazi alikuwa mtaa wa Uccle, akimtunza bibi mmoja Mbelgiji wa miaka tisini. Alimwogesha, alimlisha, alimwombea kwa Kiswahili bibi asijue. Jumamosi alikanda unga wa Meza. Jumapili aliuleta umefungwa kwenye kitambaa cheupe, kisha akatoka nje. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona, na macho ninayo.

Mume wake, Papa Séraphin, alipokelewa mwaka wa kwanza. Alikuwa na siku nzuri, ya kuwaliza watu: lori lao lilisimamishwa na askari kule kwetu, njia ya Kamanyola, akalala kifudifudi kwenye matope, akampa Bwana maisha yake. Antoinette alikuwa ndani ya lori lile lile.

"Nilikuwa naomba," aliniambia mara moja. "Lakini hata asubuhi ile, mbele ya kupanda lori, nilikuwa naomba vile vile."

Mwaka 2012, majani yakianza kuanguka, ini la Séraphin lilikataa. Daktari alimwambia hatafika mwaka mpya. Hakuomba mengi. Aliomba kula Meza na mke wake, mara moja, kabla hajaenda. Kwa hiyo Antoinette akaomba kusikilizwa.

Nilimfuata jikoni kwake. "Maman, chagua siku moja. Moja tu! Sema ulisikia moto kifuani, ukalia. Njo vile watu bote banasemaka."

"Na wewe ulisema siku gani?"

"Le douze mai quatre-vingt-dix-huit. Saa ine ya asubuhi."

"Ni kweli?"

Nilipandwa na hasira, nikamwambia aangalie sufuria yake inaungua. Haikuwa inaungua. Bon, ukweli ni huu: imani ninayo, lakini ile tarehe, kumi na mbili Mei 1998, niliitafuta kwenye kalenda.

Jumapili alisimama, mikono yake bado ina harufu ya chachu. Papa Sylvestre, mzee wa kwanza, akamuuliza siku yake.

"Papa, mimi sina siku. Sikumbuki siku yenye sikukuwa namupenda Yesu. Maman yangu alinibeba mugongoni, akiimba, na mimi nikamupenda. Mpaka leo."

"Alors, siku gani ulijijua kama uko muntu wa zambi?"

"Kila siku, papa."

Watu wawili walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Wazee walitoka dakika kumi. Waliporudi, Papa Sylvestre alisema bado. Maman Antoinette aendelee kumtafuta Bwana. Papa Sylvestre si mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa na huzuni. Sheria ile tulikuwa tumeipitisha wote kwa kuinua mikono, na mkono wangu ulikuwamo. Antoinette akaitikia, "Asante, papa," akatoka. Nikafunga.

Sahani ikazunguka. Ilipomfikia Séraphin alichukua kipande chake, lakini hakukitia mdomoni. Alishika kiti cha mbele yake, akainuka. Ilimchukua muda mrefu, Mungu wangu, na hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyejua kama kumsaidia ni dhambi. Akaja mpaka kwangu, mkate kiganjani.

"Maman Mwadi, fungua."

"Mulango ibakie vile!" alisema Papa Sylvestre kutoka mezani.

Nilifungua. Séraphin akajishusha kando ya mkewe, akaumega mkate, makombo yakamwagikia makoti, akampa nusu. Antoinette hakula. Aliniangalia mimi. Miaka minane ya kutolewa nje, na sasa aliningoja mimi, mfunga mlango, nimpe ruhusa!

"Kula, Maman," nilisema. "Ni mukate yako."

Alikula, huku mumewe akimtazama anavyotafuna, naye akala chake. Siku kumi na moja baadaye tulimzika Séraphin.

Lakini pale pale, Papa Sylvestre aliniita nifunge mlango nirudi. Kipande changu kilikuwa kinanisubiri kwenye sahani.

"Ile douze mai yangu, papa, uifute kwenye daftari," nilimjibu, nikasogeza makoti nipate pa kukaa.